Mwanga wa Mtumba

Uliposema "samahani dada, naomba kuuliza,"
nilijua mpaka umeuvuka majuzi.
Hapa Ngara swali hutangulia,
samahani hufuata nyuma, ikikumbukwa.

Umepanda ghorofa saba, Gama wa Songea,
kamera shingoni kama hirizi,
unatafuta mahali pazuri na mwanga mzuri,
ukanikuta mimi na beseni,
povu hadi viwikoni.

Mahali, sijui.
Mwanga, kalia hiyo ndoo nikueleze.

Mimi huujua kwa nguo.
Saa moja asubuhi hugusa kamba ya mashariki.
Hapo naanika soksi, leso, vikofia vya watoto,
vitu vyepesi, maana jua lenyewe jepesi,
rangi ya chai iliyopungukiwa majani.
Ukitaka nyuso, njoo saa hiyo,
kabla watu hawajavaa zile za kwendea mjini.

Kufika saa nne limeshapanda.
Jua la huku halina subira,
hupanda ngazi kama mpangaji
anayemkwepa mwenye nyumba.
Saa sita ni ya mablanketi na jinzi.
Kwako ni hasara tupu: macho ya watu hugeuka mashimo,
kila kivuli kimejibanza chini ya mwenyewe.
Nenda kanywe uji kwa Nyokabi, ulale.

Lakini Julai! Nani alikushauri Julai?
Tazama shati la mwalimu Odera,
siku ya tatu linaning'inia, bado linalia kwapani.
Unasema wingu ni zuri,
linalainisha.
Kamwambie Odera.

Wengine walikutangulia.
Mmoja alitoka mbali kuliko wewe, alikuja na mwavuli mweupe
na kijana wa kuushika.
Akaniambia nitazame kule, kwenye maghorofa,
kama ninayemsubiri mtu.
Nimsubiri nani? Nilikuwa na mashuka kumi na sita.
Nikatazama hata hivyo. Alilipa mia tano.
Mahali ile picha ilikokwenda sijui,
huenda imetundikwa ukutani kwa watu
wanaojiuliza yule mtu alifika au hakufika.

Sasa sikiliza, hili sikumwambia.
Upande wa Pangani wamejenga jengo la vioo.
Jioni, saa kumi na moja hivi,
wingu likiachia upenyo mdogo tu kule machweoni,
jua huligonga lile jengo,
nalo hulikataa, hulitupa huku kwetu,
kwenye ukuta ambao tangu adhuhuri ulikuwa gizani.
Mimi nauita mwanga wa mtumba.
Umeshavaliwa na watu wa ofisini,
unatufikia umelegea mabega,
lakini joto la mwenyewe bado limo.

Haukai. Nikibana nguo ishirini, umekwenda.
Ila katika hizo nguo ishirini
hushuka korido ya ghorofa ya nne,
pale Rukia alipoweka cherehani yake,
pale taa iliungua tangu Pasaka na hakuna aliyejali.
Huo ndio wakati wake wa kutunga uzi.
Siku nzima hushona kwa vidole,
sindano akiiacha ingojee.
Hajawahi kuniambia kwamba anaungojea.
Mimi humwona tu akilamba uzi
kabla mwanga haujafika.

Ukishuka, usimnyemelee.
Ile samahani yako, kampe yeye,
kwangu umeipoteza bure.
Akikataa, basi, kaa utazame kwa macho,
hayo nayo ulikuja nayo.

Bado robo saa.
Weka hicho chombo chini, pale pakavu.
Shika ncha hii ya shuka.
Pinda kulia kwako, nami kulia kwangu.
Kaza, mgeni. Kaza, hujala?
Hayo maji yanayodondoka,
hebu yaangalie
yanavyowaka.